Kukata kijani bila kula nywele: taa, kamera, hesabu na picha ya nyuma

TaaMbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Swali linalorudi kila mara humu ni programu gani inakata kijani vizuri, yaani kuondoa kitambaa cha kijani kilicho nyuma ya mtu na kuweka picha nyingine. Ukifungua klipu ya muulizaji unakuta kona moja ya kitambaa ina giza, mhusika amesimama sentimita 40 kutoka ukutani na kamera imeachwa otomatiki. Klipu ya namna hiyo haina programu ya kuiokoa. Kijani kinakatwa kwa taa, kompyuta inamalizia. Naweka mpangilio wangu hapa, wenye ujuzi ongezeni na mnirekebishe.

KITAMBAA. Chukua kisichong'aa. Polista nzito inayovutika inashinda pamba nyepesi, maana ukiivuta mikunjo inaisha. Pamba itakudai pasi ya mvuke kila siku ya kazi. Satini usiiguse. Inarudisha taa kama doa jeupe, na ndani ya doa hilo hakuna kijani cha kukata. Ukipaka ukuta, tumia rangi ya maji ya mati, makoti mawili, na pale ukuta unapokutana na sakafu uzungushe kona kama unataka miguu ionekane. Kitambaa kibanwe kwa vibanio juu, chini na pembeni. Kikining'inia tu kitafanya mawimbi, na kila wimbi lina upande wa mwanga na upande wa kivuli.

TAA. Taa za kitambaa na taa za mhusika ni seti mbili tofauti. Kwa kitambaa weka taa mbili laini, moja kila upande, umbali sawa, na kila moja ielekee upande wa mbali: ya kushoto imulike kulia, ya kulia imulike kushoto. Ukizielekeza zote katikati utapata katikati kunawaka na kingo zina giza. Kitambaa kikizidi mita 2.5 kwenda juu, ongeza mbili za chini.

Pima, usikadirie kwa macho, kwa sababu jicho linazoea tofauti ya mwanga bila wewe kujua. Kwenye wevufomu (grafu ya mwanga wa picha) kijani kionekane kama mstari mwembamba ulionyooka, kati ya asilimia 40 na 50. Kwa mita ya mwanga, katikati na kona zisipishane zaidi ya theluthi moja ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu). Nusu stopu ndio mwisho. Na msikimulike kitambaa kupita kiasi mkidhani kijani kikali ndicho kinachokatika. Mwanga ukizidi unarudi kwa mhusika, na chaneli ya kijani ikigonga juu rangi yenyewe inafifia kuelekea weupe.

UMBALI. Mhusika akae mita 2 kutoka kitambaani, 3 ni bora. Chumba kikibana, piga kiuno kwenda juu, kisha funika kwa kitambaa cheusi kijani chote kilicho nje ya fremu, pamoja na kile cha sakafuni. Kijani kisichoonekana kwenye picha kinabaki na kazi moja tu, kumpaka mhusika rangi shingoni na mabegani.

KAMERA. Kila kitu manyuali. Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kupokea mwanga) ya sekunde 1/50, ISO (usikivu kwa mwanga) ya msingi ya kamera yako, mizani ya weupe imefungwa (5600 K kama taa zote ni za mchana). Ukali wa picha ushushe mpaka chini kabisa. Kamera ikinoa picha huchora mstari mwembamba mweusi au mweupe kuzunguka mtu, na mstari ule utaubeba hadi picha ya mwisho. Kama kamera inarekodi biti 8 (ngazi chache za rangi), achana na logi (profaili iliyofifia, ya kurekebishwa rangi baadaye), tumia profaili ya kawaida. Logi ni ya biti 10 kwenda juu. Kabla mhusika hajaingia, rekodi sekunde 5 za kitambaa kitupu, kamera ikiwa imesimama palepale. Sababu itaelezwa na wengine.

---

Mchanganyaji

Uzi mzuri mkuu. Shata 1/50 nakubali kwa mtu anayekaa na kuongea. Kama anacheza ngoma au anarusha mikono, nenda 1/100. Mkono unaokwenda kasi kwa 1/50 unaacha ukungu uliochanganyika na kijani, na ukungu ule ukikatwa unageuka kijivu. Kwa 1/100 ukungu unapungua nusu, na kama unataka mwendo laini unaweza kuurudisha kwenye kompyuta baada ya kukata. Gharama yake ni stopu moja ya mwanga, kwa hiyo taa ziwepo.

---

njia_panda

Nauliza kwa nia njema wakuu. Hiyo theluthi ya stopu ina uzito gani hasa? Programu si inachagua tu rangi ya kijani na kuifuta? Kijani cheusi kidogo bado ni kijani.

---

Hesabu_za_Picha

Ndugu njia_panda, umeuliza swali lenyewe. Programu nyingi makini hazitafuti "rangi ya kijani". Zinapima tofauti: kijani kimezidi kiasi gani kile kikubwa kati ya nyekundu na bluu. Njia hii ya tofauti za rangi ni ya Petro Vlahos, aliyeiweka sawa kwa ajili ya filamu ya Ben-Hur ya 1959, enzi za filamu ya mkanda na skrini ya bluu. Mwaka 1976 akaanzisha Ultimatte, kampuni ya vikataji. Mpaka leo, ukiondoa vile vya akili bandia, vikataji vingi vimejengwa juu ya wazo lile.

Tuifanye kwa namba, katika mwanga wa lainia (namba zinazofuata mwanga halisi), 0 ni giza na 1 ni mwanga kamili.

Kitambaa safi: nyekundu 0.15, kijani 0.60, bluu 0.20. Kijani kimezidi bluu kwa 0.40. Hiyo 0.40 ndiyo kipimo cha "kitambaa kitupu", alfa 0 (alfa ni kiasi cha mtu kilichomo kwenye pikseli, nukta moja ya picha).

Ngozi: nyekundu 0.35, kijani 0.25, bluu 0.18. Kijani hakijazidi nyekundu, tofauti ni sifuri, alfa 1. Mtu yupo kamili.

Sasa pikseli moja pembeni ya kichwa, nusu imefunikwa na unywele mweusi (0.02 kila chaneli) na nusu ni kitambaa. Kamera inarekodi wastani: 0.085, 0.31, 0.11. Tofauti ni 0.20. Gawa kwa 0.40 unapata 0.5. Nusu mtu, nusu uwazi. Sahihi kabisa, na ndiyo maana njia hii inaweza kushika nywele.

Haya, nenda kwenye kona ya kitambaa ambayo iko chini kwa stopu moja. Mwanga umekatika nusu: 0.075, 0.30, 0.10. Tofauti ni 0.20.

Umeona? Kona tupu yenye giza na pikseli ya unywele zina namba karibu zilezile. Hakuna programu inayoweza kujua ipi ni ipi. Unachofanya wewe ni kushika "Clip Black" (kitelezi kinachofanya alfa ndogo kuwa sifuri) na kuivuta mpaka kona isafike, na unaposafisha kona unafuta kila unywele wenye alfa ya 0.5 kwenda chini, picha nzima. Mtu anatoka na kichwa kilichokatwa kwa mkasi. Hapo ndipo watu wanasema programu ni mbaya.

Ile klipu ya kitambaa kitupu aliyoitaja TaaMbili ndiyo dawa. Delta Keyer ya Fusion na IBK ya Nuke, zana za kukata ndani ya programu hizo, zinaipokea. Zinagawa kila pikseli kwa kitambaa cha mahali palepale badala ya namba moja ya picha nzima. Kwenye kona yetu kipimo kinakuwa 0.20; unywele uliofunika nusu pale unatoa 0.10, na 0.10 kwa 0.20 ni 0.5. Unywele umepona. Masharti: kamera haikusogea, taa hazikubadilika, na kivuli cha mhusika hakikuangukia kitambaa.

---

njia_panda

Nimeelewa mkuu, shukrani sana. Na kwa nini kijani na si rangi nyingine?

---

Hesabu_za_Picha

Sensa nyingi zimepangwa kwa mafungu ya vihisio 4: kijani 2, nyekundu 1, bluu 1. Chaneli ya kijani ina taarifa nyingi na chenga (vidoadoa) kidogo. Pia kijani ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya mng'ao wa picha, uzito wake ni 0.7152 kwenye Rec. 709 (kiwango cha rangi cha HD), bluu 0.0722 tu. Kodeki (njia za kubana video) zinatunza mng'ao vizuri kuliko rangi.

Na hapo kwenye kodeki wengi wanaumia. Picha ya 1920 kwa 1080 iliyorekodiwa 4:2:0 (namna ya kupunguza rangi ili faili liwe dogo) ina rangi ya 960 kwa 540 tu. Kila pikseli 4 zinagawana rangi moja. Ukingo wa mkato unatoka na ngazi. 4:2:2 inatunza mistari yote 1080, ngazi zinabaki upande mmoja. Kama kamera yako inatoa 4:2:0 tu lakini inarekodi 4K, rekodi 4K kisha shusha hadi HD kabla ya kukata. Rangi ya 4K ya 4:2:0 ni 1920 kwa 1080, kwa hiyo ukishusha unabaki na rangi kamili kwa kila pikseli.

---

Kushoto Kulia

Bluu bado ina kazi yake. Inadai mwanga zaidi na ina chenga zaidi, lakini siku unapiga tangazo lenye jezi ya Yanga utaitafuta. Jezi ya kijani mbele ya kijani ni shimo kifuani. Mandhari ya usiku pia hupendeza kwa bluu, maana kabluu kidogo kinachobaki ukingoni hakishangazi usiku. Bendera ya Tanzania ndiyo mtihani, ina kijani na bluu zote mbili: ipige peke yake mbele ya rangi isiyomo ndani yake, au uchore maski (ramani ya kipi kibaki na kipi kiondoke) kwa mkono fremu kwa fremu.

---

BiMaski

Naomba niongelee nywele, ngozi na mavazi yetu, maana mafunzo mengi ya mitandaoni yametengenezwa kwa watu wa nywele nyepesi na ngozi nyeupe.

Nywele nyeusi zilizosokotana, afro hasa, zina mashimo madogo mengi ndani ya ukingo. Usijaribu kuzikata kwa mkato mmoja. Tengeneza maski mbili. Ya kwanza ni ngumu, ya ndani ya mwili: kata kwa nguvu, jaza matundu yote, kisha iingize ndani pikseli 10 hivi na uilainishe. Haigusi ukingo kabisa, kazi yake ni kuhakikisha kifua na paji la uso havitoboki. Ya pili ni laini, "Clip White" na "Clip Black" karibu hujazigusa, inayobeba nywele. Ziunganishe kwa kuchukua kubwa ya zote mbili kwenye kila pikseli. Kisha zungushia maski ya takataka ya kuchora mkono, itupe stendi, vibanio na kona zote mbali na mtu. Kadiri maski ya takataka inavyombana mhusika, ndivyo eneo la kukata linavyopungua na matatizo nayo.

Ngozi nyeusi ina mng'ao mzuri, na mng'ao unaakisi. Upara, mashavu na pua yenye jasho vitabeba kijani hata kama mtu yuko mita 2 mbele. Poda ya mati kabla ya kila teki. Taa ya nyuma, moja kila upande juu, rangi ileile ya taa kuu, inafukuza kijani mabegani na kuutenga weusi wa nywele. Msiweke jeli (plastiki ya rangi) ya zambarau kwenye taa ya nyuma ili "kufuta" kijani. Ushauri huo ni wa zamani na unawaachia ukingo wa zambarau mtakaopambana nao baadaye.

Kufuta kijani kilichomrudia mtu kuna kanuni tatu za kawaida, na mavazi ndiyo yanachagua. Ya kwanza: kijani kisizidi bluu. Ya pili: kisizidi wastani wa nyekundu na bluu. Ya tatu: kisizidi kile kikubwa kati yao. Chukua kitenge cha njano, nyekundu 0.70, kijani 0.60, bluu 0.05. Kwa kanuni ya kwanza kijani kinashuka hadi 0.05 na kitenge kinakuwa chekundu. Kwa ya pili kinashuka hadi 0.375, chungwa. Kwa ya tatu kinabaki 0.60, njano ileile. Ukiona mteja analalamika kwamba khanga ya njano imetoka chungwa, usikimbilie kwenye gredi (kurekebisha rangi), badilisha kanuni. Lakini kanuni ya tatu ni laini, inaacha kijani kidogo shavuni. Kwa hiyo wengine tunatumia ya pili usoni na nywele, ya tatu kwenye nguo, tukizitenga kwa maski.

Shela ya shifoni na mtandio mwepesi ndio mgumu kuliko vyote. Kitambaa kinachoonyesha nyuma kina alfa ya kati eneo zima, kwa hiyo kosa dogo la taa linaonekana kama uchafu juu ya mtandio. Kama unaweza kuchagua, omba mtandio mzito. Kama bibi harusi lazima awe na shela, basi klipu ya kitambaa kitupu ni ya lazima, na maski ngumu isiguse shela hata kidogo.

---

Mchanganyaji

Hapo kwenye shela naunga mkono. Disney walitumia njia nyingine kabisa kwenye Mary Poppins ya 1964: skrini iliyomulikwa kwa taa za sodiamu za nanomita 589, na kioo ndani ya kamera kilichotenga mwanga huo kwenye mkanda wake wa pili. Maski ilirekodiwa palepale, bila kumwibia mhusika rangi yoyote, na wavu wa kofia ulipita bila shida. Vlahos alikuwemo humo pia. Mitambo ile ilikuwa adimu mno, ndiyo maana haikuenea.

---

simu_tu

Sisi wa simu tunaingia wapi wakuu? Naona picha ina mistari ya giza inayopanda polepole kwenye kitambaa.

---

TaaMbili

Hiyo mistari ni umeme. Umeme wetu ni wa 50 Hz, taa za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi zinakuja zimewekwa fremu 30 na shata kama 1/60, haviendani. Weka fremu 25, shata 1/50 au 1/100, mistari inatulia. Kwa mtoa maski mistari ile ni janga, kila fremu kijani kina namba tofauti.

Programu ya kamera iliyo ndani ya simu mara nyingi haikupi shata. Blackmagic Camera ni ya bure, iPhone na Android. Funga mwanga, funga fokasi, funga mizani ya weupe, zima HDR. Usipofunga, mhusika akiinua karatasi nyeupe simu itashusha mwanga wa picha nzima na kijani chako kitabadilika katikati ya sentensi. Tumia lenzi ndefu kama simu inayo, usogee nyuma. Lenzi pana inahitaji kitambaa kikubwa.

---

swicha_live

Kwa wanaofanya laivu: mambo ni yaleyale ila huna nafasi ya pili. Kwenye OBS (programu ya kurusha laivu) ongeza "Similarity" (upana wa kijani kinachofutwa) taratibu mpaka kijani kiishe, halafu acha. Usiendelee kwa usalama, utaanza kula mabega. "Smoothness" (ulaini wa ukingo) inafuata, "Spill" (kijani kilichomrudia mtu) mwisho.

Kitu kinachosahaulika ni sauti. Mitambo ya kukata na ya studio pepe inachelewesha picha, na kwa fremu 25 kila fremu ni milisekunde 40. Picha ikichelewa fremu 3, sauti nayo ichelewe milisekunde 120, la sivyo midomo inabaki nyuma. Pima kwa kupiga kofi mbele ya kamera na kurekodi matokeo ya mwisho, usikadirie.

Mtangazaji wa hali ya hewa haoni ramani nyuma yake. Mwekee monita kila upande, nje ya fremu, kwa urefu wa macho, ili akigeuka kuonyesha Ziwa Victoria awe anatazama upande ambao mtazamaji anategemea. Miwani: inua kidogo miguu ya miwani juu ya masikio, vioo vitainama chini na kuacha kuakisi kitambaa.

---

njia_panda

Nimekata vizuri, ukingo safi, nywele zipo. Lakini mtu bado anaonekana amebandikwa juu ya picha ya bahari.

---

BiMaski

Angalia upeo wa bahari kwanza. Mahali tambarare, upeo unakata kila kitu kwenye kimo cha kamera. Kama ulimpiga mtu kamera ikiwa mita 1.5 kutoka chini, mstari wa bahari lazima umpite mita 1.5 kutoka nyayo zake, yaani maeneo ya kidevu au shingo kwa mtu wa kimo cha kawaida. Ukimpita kiunoni, picha ya nyuma ilipigwa kamera ikiwa chini zaidi, na jicho la mtazamaji linakataa hata kama hajui kwa nini. Ukimpanga mpaka upeo umkate panapostahili, nusu ya tatizo inaondoka.

Halafu mwanga. Jua la mchana Dar liko karibu utosini, vivuli vifupi, giza chini ya nyusi na kidevu. Ukimpiga mtu kwa taa laini ya mbele halafu umweke Coco Beach saa sita mchana, haitakubali. Chagua picha ya nyuma kabla ya kupanga taa.

Weusi: ulinganishe sehemu nyeusi kabisa ya mtu na nyeusi kabisa ya nyuma, chaneli kwa chaneli. Vitu vya mbali nje vina ukungu wa hewa, weusi wao si sifuri. Nyuma itiwe ukungu wa fokasi kidogo, maana kamera halisi isingeona vyote vikali. Chenga za kamera zilingane pande zote mbili. Mwanga wa nyuma uingie kidogo ukingoni mwa mtu, pikseli chache tu. Ukiuzidisha, mtu anawaka kama taa.

---

njia_panda

Nimeshusha mtu mpaka upeo umempita kidevuni, tofauti ni kubwa sana. Limebaki jambo moja: kuna mstari mwembamba wa giza kuzunguka mabega, na kwenye kamera nilishusha ukali.

---

Hesabu_za_Picha

Huo una vyanzo viwili vya kawaida. Cha kwanza, unachanganya picha kwenye gama (namba zilizopindwa kwa ajili ya skrini) badala ya lainia. Kwenye After Effects peleka mradi biti 32 na uwashe kuchanganya kwa gama ya 1.0. Cha pili, alfa imezidishwa mara mbili. Mkato ukishatoka, rangi ya mtu tayari imezidishwa kwa alfa yake. Programu inayofuata ikizidisha tena, pikseli ya ukingo yenye alfa 0.5 inabaki na robo ya rangi badala ya nusu, na hiyo robo ndiyo mstari wako wa giza. Gawa kwa alfa kabla ya kurekebisha rangi, rekebisha, zidisha tena mara moja, kisha weka juu ya picha ya nyuma.

Ukimpelekea mtu mwingine klipu iliyokatwa, toa ProRes 4444 au fremu za EXR, kwa sababu H.264 ya kawaida haibebi alfa. Kwenye jina la faili andika kama alfa imezidishwa au la.